Je, madini ya vilindi vya bahari yachimbwe?

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu ameandika kwamba madini yaliyo chini ya bahari ya kimataifa ni mali ya mataifa yote, kwa hiyo Tanzania iunge mkono uchimbaji ili ipate mgawo wake. Nusu ya kwanza naikubali, maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unayaita urithi wa pamoja wa wanadamu, na mamlaka inayoyasimamia iko Kingston, Jamaika. Nusu ya pili naipinga.

Yanayowaniwa zaidi ni mabonge meusi, mengi yakiwa na ukubwa wa kiazi, yaliyotapakaa juu ya tope la Pasifiki kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000, ambako mwanga wa jua haufiki kabisa. Yana manganizi, nikeli, kobalti na shaba, nayo hukua kwa milimita chache tu katika miaka milioni moja. Kwenye tope lile, sifongo na viumbe wengine hawana pengine pa kujishikiza ila juu ya mabonge hayo. Mwaka 1989 watafiti walilima kwa majaribio eneo la sakafu ya bahari katika bonde la Peru, na waliporudi mwaka 2015 matuta yalikuwa bado yanaonekana.

Sisi wa Mwanza tuna sababu ya kuogopa pupa. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka, nyingine kabla wataalamu hawajazipa hata majina. Sikatai kwamba sangara alileta riziki. Viwanda vya minofu vya hapa vimesomesha watoto wengi. Lakini kutoweka kwa furu kulitokea katika ziwa ambalo kina chake kikubwa ni takriban mita 80, ziwa tunaloingia kila usiku kwa mitumbwi na karabai. Huko kwenye mita 5,000, nani atakayeona kilichokufa?

Tena nikeli tunayo wenyewe, Kabanga, wilayani Ngara. Ile ya baharini ikijaa sokoni na bei ikashuka, je, mgawo wa kutoka Kingston utafidia hasara hiyo? Naomba mwenzetu alijibu hili kabla hatujaendelea.