Tupeane uzoefu: utafiti wa afya ya akili kwenye vitengo vya ushauri nasaha vya vyuo vyetu Uganda

Mwanzisha mada, Kampala
Wakuu, salaam. Kitengo cha ushauri nasaha kina hazina ambayo mtafiti wa nje hana: fomu za wanafunzi waliokuja kwa miguu yao, mwaka hadi mwaka. Tatizo ni inavyosomwa. Watu huhesabu waliobisha hodi, kisha hutangaza hali ya chuo kizima. Anayeogopa kuonekana kwenye korido ile hayumo. Aliyekwenda kwa mchungaji au shehe naye hayumo. Wenye ujuzi, leteni: fomu, hesabu, vibali, na panapoharibika. Simulizi za maisha tuziweke kando leo.

Mshauri nasaha, Arua
Naanza na fomu. PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Kuanzia 10, mwite mwanafunzi kwa mahojiano kamili. Alama peke yake haimpi mtu ugonjwa.

Maswali mawili hudanganya sana kampasi. La 3 ni usingizi: chumba cha hosteli cha watu wanne, baa iko ng'ambo ya ukuta, mtu halali na wala hana sonona. La 5 ni hamu ya chakula: anakula mara moja kwa siku kwa sababu hela imeisha, hamu anayo tele. Weka pembeni maswali mawili ya ndiyo au hapana, moja la kelele na moja la pesa. Usiyajumlishe kwenye alama, yanakusaidia kuisoma.

Tafsiri nayo ina mitego. Kwa Kiganda kuna neno okwekyawa, kujichukia, na watafiti wa Masaka na Rakai walianza na maneno ya wenyeji kama hilo kabla ya kupima tiba ya vikundi, iliyochapishwa 2003. Kwetu: mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona fomu ya asili airudishe kwenye Kiingereza, kisha wanafunzi 8 hadi 10 wasome na kusema wameelewa nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo hurukwa, nayo ndiyo hufichua makosa.

Mjumbe wa kamati ya maadili
Ndugu wa Arua umelipita swali la 9, la kuona heri kufa au kujidhuru. Kwenye kitengo, jibu lolote zaidi ya 0 lionwe na mshauri kabla mwanafunzi hajatoka mlangoni. Kwa hiyo fomu isomwe papo hapo, isirundikwe hadi Ijumaa. Lakini dodoso lisilo na jina likipita darasani, utamtafuta nani? Hapo tumia PHQ-8, iliyoacha swali hilo, jumla yake 24, na ugawe karatasi ya mahali pa kupata msaada kwa kila mtu, si kwa wenye alama kubwa tu.

Vibali: kamati ya maadili kwanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Fomu za zamani zilizoko kabatini nazo zinahitaji kibali; mwanafunzi alizijaza apate msaada, hakuambiwa ni utafiti. Na tangu 2019 ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha.

Mtakwimu, Mbale
Kish-Leslie, Kish-Leslie! Ndiyo kanuni ya kukokotoa idadi ya washiriki, na kila pendekezo la utafiti lina watu 384. Namba hiyo inatoka kwenye kadirio kwamba 50% wana tatizo, kosa la 5%, uhakika wa 95%, na kundi kubwa mno. Kitengo chenye wateja 150 kwa mwaka ukikirekebisha unapata kama 108. Bora uchukue wote 150. Ukitarajia 10% wasijibu, gawanya 384 kwa 0.9, upate 427. Wengi huzidisha kwa 1.1, wanapungukiwa.

Andika pia wiki ya semesta. Makerere ina wiki 17, 15 za masomo na 2 za mitihani. Fomu ya wiki ya 3 na ya wiki ya 16 hazilinganishwi hivi hivi.

Mwanzisha mada, Kampala
Asante mkuu. Na wanaokuja mara moja wakapotea?

Mtakwimu, Mbale
Hao ndio wanaoharibu ripoti. Ukipima kikao cha kwanza na cha mwisho uliopanga, utabaki na waliovumilia, na wastani utang'aa. Pima kila kikao. Atakayepotea atakuwa ameacha alama yake ya mwisho. Hata hivyo usishangilie kila alama inayoshuka. Mtu huja akiwa pabaya zaidi, na baadhi wangeshuka bila sisi.

Msimamizi wa kitengo, Gulu
Nyongeza fupi ya mzigo wa kazi. CCMH, kituo cha afya ya akili ya wanafunzi cha Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, hukusanya data za vitengo vingi, na kina kipimo chepesi: saa za ushauri za wiki za washauri wote gawanya kwa 24, saa wanazomhesabia mshauri mmoja kamili, kisha wateja wa mwaka gawanya kwa jibu hilo. Washauri 3 wenye saa 16 kila mmoja ni saa 48, yaani washauri kamili 2. Wateja 240 ni 120 kwa kila mmoja. Walionyesha kwamba mzigo ukizidi, wateja hupata vikao vichache na nafuu ndogo. Mkuu wa chuo huelewa namba hii haraka kuliko alama za sonona.

Mjumbe wa kamati ya maadili
Kabla sijatoka: msitumie namba ya usajili kama namba ya siri. 22/U/…/PS inataja mwaka wa kuingia na kwamba anajilipia ada. Kwenye kozi ya watu 12 umeshamtaja. Toeni namba za bahati nasibu. Daftari la kuunganisha namba na majina likae kwenye kabati jingine, na ufunguo wake usiwe kwa mchapaji wa data.