Vimeng'enya na milango ya chembe nyekundu: vimeshikana au vinaishi jirani tu?

Fundi wa maabara, Mjini Unguja

Assalaam alaykum. Wiki iliyopita tulichukua mirija miwili ya damu ya mgonjwa mmoja jioni. Mmoja ulizungushwa kwenye sentrifuji na seramu yake ikatengwa. Wa pili ulisahauliwa ndani ya friji hadi asubuhi. Seramu zote mbili zilikuwa za manjano safi, bila hata dalili ya wekundu wa chembe zilizopasuka, lakini potasiamu ya mrija uliolala kwenye friji ilikuwa juu mno. Najua kwamba baridi huilaza pampu ya sodiamu na potasiamu, ile inayorudisha potasiamu ndani ya chembe, na kwa kazi yangu jibu hilo latosha. Linalonisumbua ni namna tulivyofundishwa: vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, sura yake, na milango, yaani protini za kupitisha vitu kwenye utando, sura yake, kana kwamba havijuani. Ndani ya chembe isiyo na kiini wala mitokondria, je, vimeng'enya huelea tu, au hushikana na milango inayovitegemea?

Mwalimu wa baiolojia, Wete

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Pampu hiyo yenyewe ni kimeng'enya na mlango kwa pamoja: huvunja molekuli moja ya ATP, yaani kibebea nishati cha chembe, na kwa nguvu hiyo hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. ATP hiyo haina pengine inapotoka ila kwenye uvunjaji wa glukosi, na ndiyo sababu mrija usiotengwa ukiachwa juu ya meza, sukari yake hushuka kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa.

Ama kuhusu kushikana, itazame protini iitwayo Bendi 3, ambayo kila chembe inazo kiasi cha milioni moja. Sehemu yake iliyozama kwenye utando hubadilisha bikaboneti kwa kloridi, moja kwa moja, na mkia wake mrefu unaoning'inia ndani hushikwa na vimeng'enya vya kuvunja glukosi, yaani aldolesi, fosfofruktokinesi na GAPDH, ambavyo vikishika hapo kazi yao hupungua. Himoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni nayo huutaka mkia huohuo, na ikifika huvibandua vimeng'enya, vikarudi kazini. Mwaka 2005, Campanella, Chu na Low walionyesha kwa hadubini kwamba chembe ikiwa na oksijeni vimeng'enya hivi hukaa ukingoni, na oksijeni ikiondolewa husambaa ndani ya chembe nzima.

Kila ninapolifundisha skuli jambo hili hunistaajabisha, kwani oksijeni ndiyo inayoamua glukosi ipite njia gani. Vimeng'enya vikiwa vimefungwa ukingoni, glukosi zaidi huelekea njia ya kimeng'enya kiitwacho G6PD, ile inayoipa chembe kinga dhidi ya madhara ya oksijeni. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, ambao si mgeni kwetu visiwani, ana udhaifu kwenye njia hiyohiyo.

Mstaafu wa maabara, Mkoani

Mwalimu amesema kweli, lakini wanangu, ushahidi huo msiuvute hadi kwenye kaboniki anhidresi, kwani huko mambo hayajatulia. Kimeng'enya hicho hugeuza kabonidioksidi na maji kuwa bikaboneti na ioni za haidrojeni, kwa kasi inayofikia takriban mara milioni moja kwa sekunde, na Bendi 3 huitoa bikaboneti nje. Mwaka 1998 Vince na Reithmeier walieleza kwamba kimeng'enya hiki hujishikiza kwenye ule mkia mwingine wa Bendi 3, mfupi. Mwaka 2001 Reithmeier, pamoja na Sterling na Casey, walizijaza seli kimeng'enya kilichoharibiwa makusudi, na usafirishaji wa bikaboneti ukashuka. Wakafasiri kwamba kile kibovu kimekalia kiti cha kile kizima. Fasiri hiyo inapendeza. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikikuta kimeng'enya hicho kimetawanyika ndani ya seli, hakikujipanga kwenye utando.

Kwa maoni yangu, chembe yenye unene wa mikromita mbili hivi, iliyojaa kimeng'enya cha kasi namna hiyo, haina haja kubwa ya kukifunga mlangoni. Kutegemeana kupo bila shaka, kwani ukikizuia kwa dawa ya asetazolamidi, ubadilishanaji nao hupungua. Lakini kutegemeana si kushikana, na mwanafunzi afundishwe kuvitenganisha viwili hivi.

Fundi wa maabara, Mjini Unguja

Shukran sana, Mwalimu, nawe Mzee wangu. Kumbe swali langu lilikuwa na majibu mawili: vimeng'enya vya glukosi hushika na kuachia, na kaboniki anhidresi hutegemewa na mlango bila ya lazima ya kuugusa. Kuhusu mgonjwa wetu, tulitoa jibu la mrija uliotengwa jioni, na potasiamu yake ilikuwa ya kawaida. Kesho asubuhi nitabandika karatasi kwenye mlango wa friji: mrija ambao haujazungushwa usilale humu.