Kupandikiza uduvi wa vidimbwi vya msimu: naweza kuchanganya udongo?

Tope_Kavu: Wakuu, kuna vidimbwi vipya vya msimu (vya kujaa mvua na kukauka kiangazi) vinachimbwa San Diego, California, kufidia vilivyofukiwa na ujenzi. Vinatakiwa vipandikizwe Branchinecta sandiegonensis, uduvi aliyeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka mwaka 1997. Nikichota udongo wenye mayai kutoka maeneo matatu nikauchanganya, si vinasaba vitakuwa vingi zaidi?

mwanauduvi: Usichanganye, mkuu. Uduvi hawa hawana namna ya kuhama. Mayai ndiyo yanayosafiri, kwa matope ya miguu ya ndege na kwato. Ndiyo maana vidimbwi vya eneo moja huwa na vinasaba vyake. Ukichanganya, kidimbwi kipya kitaonekana tajiri, lakini tofauti baina ya maeneo umeifuta, na hairudi. Chota kwenye vidimbwi jirani tu. Tena usiwapime wanaoogelea msimu mmoja ukadhani umewamaliza: mvua moja huangua sehemu tu ya mayai, mengine hulala udongoni miaka, kwa hiyo tope lina vizazi kadhaa.

Jike_na_Dume: Mimi ninachoogopa zaidi ni Branchinecta lindahli, uduvi wa spishi nyingine. Huyu hustawi hata kwenye madimbwi ya njia za magari, na huzaana na sandiegonensis. Kabla ya kuhamisha chochote, lowesha sampuli ndogo maabara kwa maji yasiyo na chumvi, nyuzijoto 10 hadi 15, uwalee hadi wakomae. Dume hutambulika kwa antena ya pili. Chotara umbo lake huwa katikati, na jicho hudanganyika. DNA ya mitokondria (iliyo nje ya kiini cha seli) peke yake nayo haitoshi, kwa sababu hurithiwa kwa mama: chotara ambaye mama yake ni sandiegonensis atasomeka safi kabisa. Pima na vinasaba vya kwenye kiini cha seli.

Tope_Kavu: Nimeelewa. Udongo nauhifadhi kwenye mifuko ya nailoni?

mwanauduvi: Hapana, unyevu kidogo tu utaota ukungu. Chota kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa, sentimita mbili za juu, kidogo kidogo sehemu nyingi za kidimbwi. Tia kwenye mifuko ya karatasi, weka kivulini, na andika jina la kidimbwi kwenye kila mfuko. Wakati wa kupandikiza tandaza juu tu, usitifue. Yai lililofukiwa chini sana haliangui. Na kibali cha US Fish and Wildlife Service, idara ya wanyamapori ya serikali ya Marekani, kitangulie koleo, hata kama unachochota ni vumbi tupu.