Kwa nini kipandikizi cha shingo kina umbo la kabari?

Muulizaji: Wakuu, naomba kueleweshwa kwa nini kipandikizi kinachowekwa kati ya pingili (mifupa) za shingo, baada ya diski (mto laini ulio kati ya pingili) kuondolewa, huwa kinene zaidi upande wa mbele, tena kina tundu katikati.

Mjuzi: Shingo ina mpindo wa kiasili unaotokeza mbele, na kabari hiyo huurejesha. Tundu hujazwa vipande vya mfupa ili pingili mbili ziungane, huku vijimeno vya juu na chini vikikizuia kisichomoke.

Mchangiaji: Kipandikizi cha titani (aina ya metali) hushikamana vyema na mfupa lakini huuziba usionekane vizuri kwenye eksirei, ilhali cha plastiki iitwayo PEEK hupitisha miale. Binafsi nahofia zaidi kitako kidogo, yaani eneo dogo linalokalia mfupa, kwani hapo kipandikizi huweza kuzama ndani ya pingili.

Muulizaji: Kumbe! Ahsanteni.