Bia za baridi zenye viungo: ipi inastahili glasi ya pili?

Mnusaji:
Wakuu, habari za jioni. Juzi tulikaa watu 4 tukafungua bia 3 za msimu wa baridi: Great Lakes Christmas Ale ya Cleveland, Marekani (kileo asilimia 7.5), St. Bernardus Christmas Ale ya Ubelgiji (asilimia 10) na Sierra Nevada Celebration ya California (asilimia 6.8). Tumeachana bila kuelewana, naleta kesi hapa.

Great Lakes ina asali, mdalasini na tangawizi. Rangi yake ni ya shaba, na mdalasini unakupokea kabla glasi haijafika mdomoni. Nilitegemea utamu wa asali, sikuupata. Tangawizi inakuja mwisho, inaacha joto kooni. Glasi ya kwanza niliisifu kwa sauti. Ya pili nikawa kama natafuna keki.

St. Bernardus ni kahawia iliyoiva: zabibu kavu, sukari iliyoungua, karafuu kwa mbali. Ila kileo kilinipiga puani. Celebration ni chungu, inanukia msonobari na balungi. Wenzangu wawili wanaipigia kura. Mnasemaje?

PovuZito:
Mkuu, Celebration umeionea. Haina kiungo hata kimoja! Inatengenezwa tangu 1981 kwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za mavuno mapya. Hilo balungi ni hopsi tupu. Lebo yenye theluji isikudanganye.

Mnusaji:
Nakubali kosa. Lakini kumbe ndiyo maana ilifanya kinywa kipumzike kati ya hizo mbili.

BiIliki:
Kabla ya kura, jibu kwanza: mlizinywa zikiwa na ubaridi gani? Kama zilitoka friji moja kwa moja, St. Bernardus hamkuionja. Ubaridi mkali unafunga harufu na kuficha utamu wa kimea. Itoe nje nusu saa, ifike nyuzi 10 hadi 12, uimimine kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo. Kisha iache. Nusu ya glasi inywe polepole uone inavyobadilika.

Great Lakes kwangu ni kinyume. Ikipata joto mdalasini unapiga kelele peke yake, mpaka ulimi unakauka. Hiyo inywe ikiwa baridi kiasi, glasi ndogo, basi.

FundiSufuria:
Natengeneza bia nyumbani, niongeze mawili matatu.

Asali: sukari yake karibu yote inaliwa na chachu. Inayobaki ni harufu kidogo na wepesi wa bia mdomoni, ndiyo maana hukukuta utamu, Mnusaji.

Karafuu: ukiinusa kwenye bia usikimbilie kusema wametia karafuu. Zipo chachu, hasa za mtindo wa Ubelgiji na za bia ya ngano ya Ujerumani, zinazozalisha zenyewe harufu hiyo. Bia ya ngano ya Bavaria haitiwi kiungo chochote, na bado inanukia karafuu. Karafuu ya chachu imechanganyika na harufu ya matunda, haina makali. Ya kwenye kopo inachoma, inatia ulimi ganzi. Niliwahi kutia punje 10 kwenye lita 20. Mgeni wangu akauliza kama niko kwa daktari wa meno. Na hakukosea, mafuta yale yale ndiyo wanayotumia kutuliza jino.

Mdalasini nao niliwahi kuuchemsha saa nzima. Bia ikawa na ladha ya gome la mti, ambalo ndilo hasa mdalasini. Siku hizi nautia dakika 5 za mwisho, au naloweka kwenye vodka na kudondosha kidogo kidogo, huku naonja, kabla ya kufunga chupa. Ukiweza kutaja kiungo kwa jina katika funda la kwanza, mtengenezaji amezidisha. Huo ndio msimamo wangu, nipigeni mawe.

PovuZito:
Jiwe langu hili hapa, fundi. Mtu ananunua bia ya mdalasini kwa sababu anataka mdalasini. Usimnyime.

MzeeWaGhala:
Vijana, Anchor Christmas Ale ya San Francisco mmeisahau? Tangu 1975 mapishi yalikuwa yanabadilika kila mwaka, na mti kwenye lebo pia. Viungo walificha, watu tukabaki kubishana kama hivi. Kiwanda kilifunga 2023. Nilikuwa nimehifadhi chupa moja miaka 6 gizani. Nilipoifungua, viungo vilikuwa vimekwenda zao; kilichobaki ni kimea na kitu kama kakao. Nzuri, ila si bia niliyoificha. Kwa hiyo yenye mdalasini na tangawizi nywa mapema, na St. Bernardus ndiyo uilaze.

Mnusaji:
Nimerudi. Jana nimerudia kwa masharti ya BiIliki, bila kuwaambia wenzangu ipi ni ipi. Great Lakes baridi imenibembeleza tena, ila sikuongeza. St. Bernardus nimeikalia karibu saa nzima. Lile pigo la kileo limelainika, karafuu imejificha ndani ya zabibu, na hakuna aliyeweza kuitaja kwa uhakika. Chupa ya pili imefunguliwa bila mjadala.

PovuZito:
Na Celebration?

Mnusaji:
Iliisha tukiwa tunasubiri St. Bernardus ipate joto.