Acheni kutuita wavivu wa mazoezi wakati mnachotupa ni karatasi na "kaa wima" tu

Wakuu kwema? Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo sentensi zikikimbizana mtanivumilia.

Nina maumivu ya mgongo wa chini ya muda mrefu, yanashuka mpaka kwenye kalio na nyuma ya paja, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kuanzia asubuhi mpaka jioni, nikaandikiwa fizio, yani tiba ya mazoezi ya viungo (na mtaalamu wake naye tunamwita fizio). Sawa, nikaenda. Sasa kila nikirudi kliniki, kabla hata sijavua viatu naulizwa "mazoezi ulifanya yote?", nikisema yote hapana, mengine yananizidishia maumivu na mengine muda hautoshi, jibu ni lile lile: "wewe huna nia ya kupona". Na safari hii limesemwa kwa sauti mbele ya wagonjwa wengine tuliokaa foleni, eti nyie watu wa ofisini mnapenda dawa za kumeza tu, kujitoa jasho hamtaki. Nimetoka pale natetemeka. Mtu ambaye usiku akitaka kugeuka kitandani lazima ajipange kwanza, mtu anayevaa soksi ameegemea ukuta, huyo ndo unamwambia hana nia ya kupona?

Tuanze na hiyo karatasi. Imetolewa kopi mpaka imefifia, vimchoro vya mtu amelala chali hata goti huoni liko wapi, na pembeni ya kila zoezi imeandikwa 10 mara 3, yani rudia mara 10, kwa seti 3. Kuna lile la kulala chali, unakunja magoti, unanyanyua nyonga juu na kushikilia kwa sekunde 10. Pigeni hesabu wenyewe, sekunde 10 mara 10 mara seti 3 ni sekunde 300, yani dakika 5 nzima kwa zoezi moja na hapo hujapumzika hata kidogo. Lile la kupiga magoti na viganja chini huku unanyoosha mguu nyuma lina kulia na kushoto, kwa hiyo ni dakika 10. Jaza karatasi mbele na nyuma kwa mazoezi ya namna hiyo halafu niambie nifanye asubuhi na jioni kila siku ya Mungu. Hakuna aliyeniuliza natoka nyumbani saa ngapi, hakuna aliyeuliza kama nina sehemu ya kujilaza chini bila kurukwa na watu, hakuna aliyeuliza goti langu linavumilia au la. Nikishindwa, tatizo ni mimi.

Na sio kwamba hili halijulikani. Shirika la Afya Duniani lilishaandika tangu 2003 kwamba kwenye magonjwa ya muda mrefu, hata kwenye nchi tajiri, ni kama nusu tu ya wagonjwa ndo wanafuata matibabu vile walivyoelekezwa, na wakasema wazi kwamba mgonjwa anatakiwa asaidiwe, sio alaumiwe. Miaka yote hiyo imepita na bado mtu mwenye koti jeupe anakugombeza kama mwanafunzi aliyechelewa.

Halafu hiyo "kaa wima". Hii ndo inanichemsha zaidi, sababu kila mtu ni mtaalamu. Fizio anasema kaa wima, bosi akipita anasema kaa wima, ndugu nyumbani kaa wima, unajikaza kama unapigwa picha ya kitambulisho na baada ya muda misuli ya mgongo inawaka moto, ukilegea kidogo unaambiwa unaona sasa, ndo maana huponi.

Haya, wima kwa ushahidi gani? Nachemson, daktari wa mifupa wa Uswidi, alipima presha ndani ya diski (zile pedi laini katikati ya pingili za uti wa mgongo) miaka ya 1960, ndo ikaenea kwamba kukaa kunakandamiza diski kuliko kusimama. Mwaka 1999 mtafiti Wilke na wenzake kule Ujerumani wakamwekea mtu mmoja aliyejitolea kifaa cha kupimia ndani ya diski na kumfuatilia kwenye shughuli za kawaida. Akiwa amesimama presha ilikuwa 0.5 megapaskali (kipimo cha presha), amekaa kawaida bila kuegemea 0.46, amekaa huku anajikaza kunyoosha mgongo 0.55, amejilegeza na kuegemea kiti 0.27. Someni tena. Kujikaza kuwa wima kulipandisha presha, kuegemea kulishusha. Akikaa na kuinama mbele mpaka mwisho ndo ilifika 0.83. Ni mtu mmoja, sijasema ni msahafu, na sijasema mtu ajimwage kwenye kiti siku nzima, nachosema ni kwamba hakuna mkao mmoja mtakatifu wa kumtukania mgonjwa. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ya kuilisha huko ndani katikati, chakula chake kinaingia kupitia majimaji, na mwili unataka ubadilishe mkao. Egemea, sogea mbele, simama, tembea kidogo, rudi. Kiti kirekebishwe nyayo zikanyage chini, magoti yasipande juu ya nyonga, viwiko vikae karibu na mwili, juu ya skrini pawe usawa wa macho ili shingo isichomoze mbele. Dakika chache zinatosha kumweleza mtu hayo. Sikuelezwa, nimeyatafuta mwenyewe nikiwa na maumivu.

Na kwenye kipimo hicho hicho, yule mtu alipolala usiku presha ilipanda kutoka 0.10 mpaka 0.24 kwa saa kama saba hivi, diski inavuta maji ukiwa umelala. Ndo maana ukiamka mgongo unakuwa mgumu kuinama. Sasa karatasi yangu imeandika nini? "Ukiamka tu, vuta magoti mpaka kifuani." Zoezi linalonikunja mgongo limewekwa saa ambayo diski imejaa kuliko saa zote! Nilipolalamika kwamba asubuhi ndo linaniua, nikaambiwa niache visingizio. Nimelihamishia jioni kwa akili yangu mwenyewe na linafanyika bila shida.

Kazini nako ni vita nyingine. Fizio anasema inuka mara kwa mara, bosi anasema mbona huyu kila saa yuko koridoni. Nimeleta barua, imewekwa kwenye faili, basi. Tangu 1953 mtafiti Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London, waliokaa kwenye usukani siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi za mabasi hayo hayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema punguza muda wa kukaa, na kwamba kujongea kokote, hata kwa taratibu, ni bora kuliko kukaa tu. Mtu akiinuka kwenda kuchukua maji hajaiba muda wa kampuni. Simu nyingine zinapokelewa umesimama, vikao vingine vinafanyika mnatembea, hakuna kitakachoharibika.

Sasa tuje kwenye moyo wa kuendelea, maana hapa ndo tunaitwa wavivu. Nani alikaa na mimi akaniambia nitegemee nini na lini? Hamna. Kumbe wiki za mwanzo nguvu unayoiona inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuita misuli, msuli wenyewe kujengeka kwa kuonekana kunataka wiki nyingi zaidi. Ningejua hilo nisingekuwa najiangalia kila asubuhi natafuta mabadiliko halafu nakata tamaa. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London, Lally na wenzake, waliangalia mwaka 2010 inachukua muda gani tendo kuwa mazoea, wastani ukawa siku 66, lakini kuna mtu alitumia 18 na mwingine makadirio yakafika 254. Na wakaona kuruka siku moja hakuvunji mazoea. Sasa mimi kila nikiruka siku moja kwa sababu mtoto anaumwa au kazi imelala kwangu, naambiwa nimeanza upya, kila kitu kimeharibika. Uongo huo unavunja watu moyo, na watu wakivunjika moyo hawarudi.

Maumivu wakati wa zoezi nayo hakuna anayeyaeleza. Ama unaambiwa vumilia, ama acha kabisa. Kuna kipimo ambacho mafizio wengi wanakitumia na kinaeleweka hata na mtu ambaye hakusoma: 0 mpaka 10, maumivu yakibaki chini ya 5 na kesho yake asubuhi yakawa yametulia, endelea, yakizidi hapo au yakigoma kushuka, punguza dozi ya mazoezi. Basi! Nimehangaika muda wote huo nikiogopa kila mchomo nikidhani nararua kitu ndani, na woga huo ndo ulikuwa unanifanya nisimame katikati ya zoezi. Hiyo sio uvivu jamani.

Nimebadilisha kliniki. Fizio huyu mpya kabla ya kunigusa aliniuliza "ni kitu gani unakimisi kukifanya?" nikamwambia kukaa kikao kizima bila kujinyonganyonga, na kumbeba mwanangu. Akanipa mazoezi mawili. Mawili tu! Moja nafanya kila nikimaliza kupiga mswaki, la pili ni kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika mikono, nalifanya ofisini pale pale kabla ya kufungua barua pepe. Kila nikirudi anapima naweza kukaa muda gani kabla maumivu hayajaanza, anaandika, ananionyesha na ya nyuma nilinganishe. Nikimwambia wiki hii imekuwa mbaya anauliza nini kilitokea, kisha anapunguza dozi, hanihubirii. Na mazoezi nayafanya, mimi huyu huyu niliyeitwa sina nia.

Kwa mnaosoma mkiwa na hali kama yangu, kitu kimoja msikisubirishie foleni ya fizio: ukianza kufa ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa au mkojo ukagoma kutoka, au mguu unazidi kulegea, hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mafizio mliomo humu najua mpo, na najua mna wagonjwa wengi kuliko muda. Lakini nijibuni: kwa nini mgonjwa mpya anapewa mazoezi yote kwa mpigo siku ya kwanza? Mnafundishwa hivyo chuoni au ndo haraka ya kumtoa mtu chumbani? Na wagonjwa wenzangu, kuna aliyewahi kumrudishia fizio wake karatasi akamwambia nichagulie mawili, akasikilizwa? Nataka kujua mlisemaje, maana kuna ndugu yangu wiki ijayo anaanza kwenye kliniki ile ile niliyoikimbia.