Kurekodi hali ya michoro kabla ya kuifunga na kuisafirisha

Swali

Ndugu wasanii, salaam. Nina michoro minne inayotakiwa kufika kwenye maonyesho nchi za nje: miwili ni ya rangi ya mafuta juu ya turubai, mmoja ni wa akriliki, na wa mwisho ni wa mkaa juu ya karatasi, ambao tayari uko kwenye fremu yenye kioo. Safari iliyopita nilipiga kila mchoro picha moja tu ya mbele, nikafunga, nikatuma. Mmoja ulifika na ufa kwenye kona, na watu wa bima wakaniuliza nitathibitishaje kwamba ufa huo haukuwepo kabla ya safari. Sikuwa na jibu. Je, nirekodi mambo gani hasa, na nianze na lipi?

Jibu la 1

Pole sana. Anza na kupiga picha, na usifunge chochote mpaka uzikague zote. Piga mbele, nyuma, kingo zote nne, kila kona na sahihi. Nyuma ndiko wengi wanakosahau, ilhali huko ndiko kuna misumari, lebo za maonyesho yaliyopita, madoa ya maji na ulegevu wa turubai. Kisha zima taa, weka taa moja pembeni ili mwanga upite sambamba na uso wa mchoro, upige tena. Nyufa na rangi iliyoanza kubanduka, ambazo mwanga wa mbele huzificha, zitaonekana kwa vivuli vyake.

Baada ya hapo andika ripoti ya hali: jina la msanii, jina la mchoro, mwaka, malighafi, vipimo bila fremu na pamoja na fremu, halafu kila kasoro na mahali ilipo. Usiandike "una mkwaruzo". Andika "mkwaruzo wa sentimita 2, kona ya chini kushoto". Weka tarehe, utie sahihi, na nakala moja isafiri ndani ya sanduku ili mpokeaji aijaze anapofungua.

Jibu la 2

Naongezea kuhusu malighafi, kwa sababu michoro yako haifanani. Rangi ya mafuta, hasa iliyopakwa nene, hukauka juu mapema lakini huweza kuchukua miezi 6 hadi 12 kukomaa ndani, kwa hiyo andika kwenye ripoti ilikamilika lini. Akriliki hulainika kwenye joto, na plastiki ya viputo ikiigusa moja kwa moja huacha alama za duara ambazo hazitoki. Tanguliza karatasi yenye silikoni isiyonata, ndipo ufunge plastiki juu yake.

Mchoro wa mkaa ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Usishawishike kubadilisha kioo kwa plastiki angavu ya kawaida ili kupunguza uzito, kwani hujenga umeme tuli unaovuta chembe za mkaa kutoka kwenye karatasi. Bakiza kioo, ukibandike tepu ya karatasi kwa mistari inayokatizana ili kikivunjika vipande visiichane kazi. Kama kioo kimepakwa dawa ya kuzuia mng'ao, usibandike tepu kabisa.

Muulizaji

Nashukuru sana. Lakini nikiziorodhesha kasoro zote kwa mkono wangu, je, sitakuwa nimejishushia thamani ya kazi mwenyewe?

Jibu la 1

Hapana. Ripoti inayodai kwamba kila kitu ni safi haiaminiki, na mpokeaji akigundua mkwaruzo mmoja wa zamani ambao hukuutaja, ataitilia shaka ripoti nzima. Thamani iandike kwenye ankara, na iwe ileile uliyoikatia bima.

Jibu la 3

Kuhusu forodha, michoro iliyofanywa yote kwa mkono huingia kwenye kifungu cha 9701 cha mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa (HS), na ankara ieleze wazi kwamba inakwenda kwenye maonyesho na itarudi, kama ndivyo ilivyo. Ukitumia sanduku la mbao ghafi, kanuni ya ISPM 15, yaani kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za kufungashia, inataka mbao ziwe zimetibiwa, kwa mfano kwa joto la nyuzi 56 za Selsiasi hadi kiini chake kwa dakika 30 mfululizo, na zigongwe muhuri; plaiwudi haihusiki. Piga picha muhuri huo pia, pamoja na kila hatua ya kufunga, ili atakayerudisha kazi ajue zilivyopangwa. Na umwombe mpokeaji aliache sanduku chumbani kwa saa 24 kabla ya kulifungua, lipate kuzoea joto na unyevu wa mahali hapo.